Sare Uliyoiomba

Mjukuu wangu, jana ulipita hapa mtaani Gisimenti na wenzako, burusheti mkononi, unasimulia ulivyotoka sare ya chesi na yule bwana mkubwa. Wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa ukumbini mlimochezea, nyuma ya kiti chako, wala sikupiga makofi.

Mlikuwa mmebaki na ngome kila mmoja, ila wewe ulikuwa na askari wawili zaidi, na mmoja wao alishafika mstari wa saba: hatua moja tu awe malkia. Saa yako ilikuwa na dakika kumi na moja, yake mbili. Koti ameshalivua, anajifuta jasho shingoni. Ukasogeza ngome, halafu jicho lako likaenda kwenye kile kikaratasi cha majina: wewe 1500, yeye 1900. Kabla hujabonyeza saa ukanong'ona, "Sare?" Kwa sheria za chesi neno hilo likishatoka hulirudishi, mwenzako ndiye wa kuamua. Yule bwana hata hakuamua, alidaka. Mkono wake ulishavuka ubao.

Unapenda hesabu, basi tuhesabu. Arpad Elo, aliyebuni pointi hizi za kupima nguvu ya mchezaji, ambazo shirikisho la chesi duniani, FIDE, linazitumia tangu 1970, hakusema kwamba wa 1900 hafungwi na wa 1500. Kwa tofauti ya 400, mkubwa hutarajiwa kuvuna kama pointi 92 katika michezo 100. Nane zilizobaki ni za nani kama si zako? Kwa umri wako kizidisho cha FIDE ni 40, kwa hiyo sare imekuongezea kwenye ile 1500 pointi 17 hivi. Ungeshinda ungepata 37. Lakini hizo 20 sizo zilizoninyima usingizi.

Usije ukaniambia ilikuwa heshima. Heshima ni mkono unaompa mtu kabla ya mchezo na baada yake. Sisi tumekulia kwenye igisoro, bao letu la kete 64, sawasawa na vyumba vya ubao wenu. Mzee tuliyemwogopa mtaa mzima akiliwa, aliliwa, akainuka akampisha mwingine. Yule bwana wako wakati anarudisha kete kwenye sanduku alikuwa anacheka peke yake. Sasa anakujua. Mkikutana tena atakaa akingoja unong'one.

Wikendi hii barabara ikifungiwa magari, njoo na ubao. Tutapanga kete palepale mlipoachia. Mimi nitakaa upande wake, na sare sitoi.