Ramadhani, siku ya 17: Kuna ulimwengu mwingine?



Vijana wameniuliza baada ya tarawehe: "Ustadhi, eti kuna ulimwengu mwingine kama huu, na ndani yake kuna mimi mwingine?" Wameona kwenye sinema. Msiwacheke, swali hilo watu wazima wanalisumbukia pia.

Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Hugh Everett, alitoa hoja hii. Chembe ndogo kama elektroni, kabla hujaipima, hesabu za fizikia huipa njia nyingi kwa pamoja. Ukiipima unaona moja tu. Nyingine zimekwenda wapi? Everett akasema hazikupotea: zote hutokea, kila moja kwenye tawi lake la ulimwengu, na matawi hayo hayaonani. Hesabu zenyewe wanasayansi wanazikubali. Matawi wanabishania hadi leo, maana hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha hata moja.

Je, kuuliza ni haramu? Hapana. Imamu Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliwapinga wanafalsafa waliodai kwamba haiwezekani kuwe na ulimwengu zaidi ya huu. Kwake, Mwenyezi Mungu anaweza kuumba maelfu kwa maelfu. Lakini shika neno hilo: anaweza. Kuweza si habari kwamba ameumba. (Na tunaposema Mola wa walimwengu, wafasiri wengi wanaelewa aina za viumbe: watu, majini, malaika. Tusiigeuze aya kuwa somo la fizikia.) Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Hujavuka, ila unaamini, kwa sababu shangazi alivuka na akarudi na habari. Kwa Everett hakuna aliyerudi.

Wapo wanaoipenda fikra hii kwa sababu ya majonzi: laiti ningemuwahisha mwanangu hospitali, labda kule yu hai. Huyo simkemei hata kidogo. Namwambia tu kwamba mtoto wake tunamtarajia Akhera, na Akhera tutafika.

Ninayemwogopea ni yule anayesema: kama kila linalowezekana linatokea, basi nikidhulumu hapa, kuna mimi mwingine ametenda haki kule, mizani ni ileile. Hapana, mwanangu. Mchukue mtu aliyempa mjane unga na vihela vya daftari mwezi wa nane, mikorosho ingali maua, kisha mwezi wa kumi akaja kuzoa korosho zake zote. Kangomba, mnaijua. Haya, tuseme ipo Newala nyingine ambako alimlipa bei ya mnada. Mama huyu haishi huko. Analala njaa hapa, na mwanaye aliyekosa sare yuko hapa. Everett mwenyewe anasema matawi hayaonani, kwa hiyo huo wema wa kule utapita wapi hadi uje kulipa deni la huku?

Msimu umekwisha, fedha za mnada zimeshaingia. Aliyechukua anajua alichukua kilo ngapi, na nyumba anaijua. Kesho baada ya Alasiri nitabaki msikitini kwa anayetaka tukae naye kupiga hesabu ya kurudisha. Majina hayatatoka nje.

Daku njema.