Nani Kabla ya Nini

Mwaka 2011 nilisababisha mtu afukuzwe kazi kwa kosa la kipande cha mpira.

Mama alikuwa na Hilux ya dizeli ya mwaka 1994 iliyobeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba katikati upo mlima Kitonga, na Kitonga hauna huruma na gari chakavu. Kwenye tambarare letu lilikwenda vizuri. Likianza kupanda na mzigo, sauti ya injini ilififia taratibu. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho na halikuongeza kitu, akarudi gia ya pili, kisha ya kwanza, kisha akaegesha pembeni. Akisubiri robo saa, liliondoka kana kwamba halikuwahi kuumwa.

Tukabadilisha filta ya hewa, kisha ya dizeli. Fundi wa kwanza akasema nozeli, tukatengeneza nozeli. Wa pili akapuliza mabomba, akasema pampu, na pampu ikafunguliwa kwa fedha ambazo Mama alikuwa ameziweka kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Siku ya kwanza Kitonga, gari likakwama palepale.

Ndipo niliposema, "Mama, dereva anachakachua mafuta."

Halikuwa neno la kipuuzi. Siku zile uchakachuaji ulizungumzwa kila mahali. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, watu wakayachanganya; serikali ilikuwa imeanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uleule ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Aliyejaza tangi letu ni dereva peke yake. Nilikuwa likizo kutoka chuoni, nimesoma mantiki muhula mzima, nikaona hoja yangu imekamilika.

Dereva, ambaye sisi watoto tulimwita Anko, alijitetea kwa maneno machache: "Mama, gari linabanwa koo. Nalisikia mguuni." Nikaona anatunga. Jioni ile akaondoka bila mshahara wa nusu mwezi, baada ya kutuendeshea miaka tisa.

Dereva mpya naye akakwama mlimani. Baada ya wiki tatu tukampata fundi mmoja mzee pale Ilula. Hakuanza na boneti, alianza na maswali. Linatoa moshi mweusi? Huo ungemaanisha dizeli imezidi hewa. Hatukuuona. Injini inanguruma huku gari haliendi? Hiyo ingekuwa klachi. Yetu ilipungua sauti pamoja na mwendo. Tulipotoka kulijaribu akagusa rimu moja baada ya nyingine, kuona kama kuna breki inayoshika na kuchemka. Hakuna. "Basi lina njaa," akasema. "Halipati chakula wakati linapokihitaji zaidi."

Akachukua dumu la lita tano, akalijaza dizeli kutoka kwenye tangi letu lilelile, akalifunga imara juu ya boneti na kuliunganisha na filta kwa mpira mpya. Tukashuka Kitonga, tukapakia magunia, tukapanda. Gari likavuta mpaka juu bila kulegea.

Ilinichukua muda kuelewa alichokifanya. Mafuta yalikuwa yaleyale, ila njia yake ndiyo iliyobadilika. Kama dizeli ingekuwa imechakachuliwa, ingekuwa mbovu hata ndani ya dumu. Akaingia chini ya gari, akachomoa kipande cha mpira kinachounganisha tangi na bomba la kwenda mbele. Kwa nje kilikuwa kizima. Akapuliza upande mmoja, hewa ikapita. Akapuliza upande wa pili, hewa ikagoma. Tabaka la ndani lilikuwa limebanduka. Pampu ikivuta sana, lilijifunga kama mlango. Mvuto ukiisha, likajiachia. Fundi aliyepuliza kabla yake alipulizia upande ule unaopitisha.

Linabanwa koo. Anko alikuwa ameshatuambia.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba nilikosea kwa kukosa ushahidi. Si kweli. Ushahidi nilikuwa nao, tena kutoka kwa mtu pekee aliyeujua ugonjwa ule kwa unyayo wake. Niliutupa kwa sababu ya mdomo uliousema. Tukishamweka mtu kizimbani, kila neno lake linageuka utetezi. Haliwezi tena kuwa taarifa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilizoea kuisoma methali hiyo kama ombi la huruma. Siku hizi naiona pia kama njia ya kuujua ukweli, kwa sababu kwa kumnyima Anko haki yake nilijinyima shahidi.

Utaniambia wezi wapo, na mwenye biashara hawezi kumwamini kila mtu. Ni kweli. Shaka yangu ilikuwa na sababu. Lakini sababu ya kushuku ni sababu ya kupima, haijawa bado sababu ya kuhukumu. Kipimo chenyewe kilikuwa dumu moja na safari moja. Sikukitafuta, kwa kuwa "ni nani?" lilikuwa na jibu la haraka lililonipa usingizi, wakati "ni nini?" lingenilaza chini ya gari. Tena nozeli ikibadilishwa kimakosa, ya zamani inaweza kurudishwa mahali pake.

Nilimpelekea Anko mshahara wake wa nusu mwezi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba."

Akapokea fedha, akazihesabu. Nikaomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ilikuwa nini?"

Nikamweleza.

"Ule mpira wa karibu na tangi?"

"Ndiyo, Anko."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo. Nikamwambia Mama anamwomba arudi kazini.

"Mwambie namshukuru," akasema. "Kuendesha nitaendesha. Lakini kila nikijaza mafuta, mtakuwa mnanitazama."

Akaendelea kupukuchua.