Unyevu Ulio Chini ya Rundo

Naunda vigae vya paa vya saruji na singa za mkonge hapa Muheza, na swali linalonikosesha usingizi si la ufundi. Mnunuzi hugonga kigae kwa kucha, akasikia kinavyolia, akalipa. Nguvu anayoiona ni ya kweli. Singa zikikatwa fupi na kutawanywa vizuri, kigae kibichi hakichaniki kikilazwa juu ya fomu, na kikipata ufa baadaye singa hushika pande mbili zisiachane.

Lakini saruji ina chokaa kali, na maji yaliyomo vinyweleoni mwake humung'unya gundi inayofunga nyuzinyuzi za singa. Hans-Erik Gram, mtafiti wa Sweden, alilieleza hilo kwa kina mwaka 1983. Joto na mvua za kupokezana, yaani hali yetu ya Tanga hasa, huharakisha uharibifu huo. Miaka ikipita, kigae kwa nje ni kilekile. Ndani singa hazina tena kazi. Embe likidondoka, kinapasuka chote.

Je, nimemdhulumu mtu? Katika Sahih Muslim imo habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Wengi huisimulia kama habari ya tapeli. Mimi hushikwa na ile mvua: hakuinyesha yeye. Alichotenda ni kuufunika unyevu. Nami ukali wa chokaa sikuuumba.

Shehe mmoja aliniambia kila jengo litaoza, wa kudumu ni Mungu peke yake. Kweli, ila hoja hiyo isiwe pazia la biashara. Makuti huoza pia, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa aliyeezeka anajua ataezeka tena. Kigae changu kina sura ya jiwe, na sura hiyo inaahidi kitu.

Kuna nafuu: kupunguza saruji na kutia majivu ya pumba za mpunga, yaliyochomwa vizuri na kusagwa laini, ili yale chokaa iliyozidi. Si kinga kamili. Kwa hiyo natia majivu, na bado namwambia mnunuzi achukue vigae vya akiba, asikanyage paa, na alikague kila baada ya masika. Wengine hunisikiliza hadi mwisho, kisha huenda kununua bati. Mwenzangu wa karakana anasema nafukuza riziki. Nami humjibu kwamba ya bati haikuwa yangu.