Baridi ya Kukopa

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, juu ya mlima Kitonga, hulala usiku wa Juni katika baridi asiyoilipia. Sisi wa pwani, tukilala chomboni, baridi hiyo twaikopa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hushika amana ya wati-saa 1,200. Kiyoyozi cha wati 600 huimaliza kwa saa mbili. Kisha injini huwashwa kuijaza. Joto lenyewe halikufa: limetolewa chumbani likamwagwa baharini, na moshi umemfuata baharia aliyelala sitahani. Je, ni haki abiria astarehe kwa pumzi ya mwenziwe? Naona starehe huwa halali pale tu mbeba gharama yake alipoulizwa kwanza. Mkulima wa Ilula hana wa kumwuliza. Sisi tunaye, naye amelala juu ya vichwa vyetu.