TAFAKARI YA LEO, RAMADHANI 18: Shamba la Bibi

 

Leo tumkumbuke mama mmoja mkulima. Si wa hapa Songea, ni wa Madina: Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.), dada yake Bi Aisha. Wengi tunamjua kwa kisa cha hijra, alivyopasua mshipi wake akafungia chakula cha Mtume (s.a.w.) na baba yake. Maisha yake ya shambani hatuyasemi sana.

Alipoolewa na Zubair, mumewe hakuwa na mali ya kutaja zaidi ya farasi na ngamia wa kutekea maji. Bi Asmaa ndiye aliyemlisha yule farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Kokwa za tende za kulishia mifugo alizibeba kichwani kutoka shambani, mwendo wa kilomita tatu na zaidi, kwa miguu. Ameyasimulia mwenyewe, na Imamu Bukhari ameyapokea. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimkuta njiani na mzigo wake, akampigisha ngamia magoti ili ampakie. Yeye akaona haya kwa sababu ya wanaume waliokuwepo, hakupanda. Lakini tazameni, jamani: Mtume wa Allah anasimamisha safari kwa ajili ya mama mwenye mzigo kichwani!

Allah akampa umri. Alifariki mwaka 73 Hijria, na inasimuliwa alifikisha miaka 100, akili yake ikiwa timamu.

Kila nikisoma habari zake namwona Bibi yangu, mama wa baba, tuliyemzika mwaka jana. Shamba lake liko chini ya milima ya Matogoro. Alilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Alfajiri akimaliza kuswali, jembe begani, mtoto mgongoni. Mahindi yakishapukuchuliwa, kabla hajauza hata debe moja, katika kila gunia kumi moja alilitoa zaka. Tukimwambia, "Bibi, mwaka huu mbolea imekula hela zote," anajibu, "Mvua nimeilipia shilingi ngapi mimi?"

Kwenye msiba tulimsifu sana. Kila aliyesimama alisema mama huyu alikuwa nguzo. Sasa tuambiane ukweli.

Arobaini haijaisha, kikao cha ukoo kikakaa kuzungumzia shamba. Akasema mmoja wetu, "Mashangazi wameolewa, wana mashamba kwa waume zao. Hili ni la wanaume." Mashangazi zangu watatu walikuwepo, wamekaa kwenye mkeka. Ni wao waliopalilia lile shamba tangu wadogo, sisi wengine tukiwa shule. Hakuna aliyewatetea. Na mimi ninayewaandikia darsa hizi kila siku nilikuwepo, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana nawapinga wakubwa.

Ndugu zangu, tulimsifu mama tukawanyima binti zake. Hiyo sifa itamfikia kweli?

Surat An-Nisaa, aya ya 7, imeshamaliza ubishi: wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi, na fungu hilo ni la faradhi. Mila ya ukoo haiwezi kulifuta. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Na turudi kwa Bi Asmaa. Bi Aisha alipofariki, yeye alirithi mali sehemu iitwayo Ghaba. Muawiya akataka kumpa laki moja kwa mali hiyo. Hakuuza, aliwapa jamaa zake wawili zawadi. Yule aliyebeba kokwa kichwani alikuwa mrithi na mwenye mali, na uamuzi ulikuwa wake. Hakuna aliyemwambia, "Wewe umeolewa."

Jana baada ya tarawehe nilimpigia simu baba mdogo. Nikamwambia kwa adabu, "Shikamoo baba. Lile la mashangazi tumekosea, naomba tukae tena kabla ya Idi, tumwite sheikh atupigie hesabu ya mirathi." Alinyamaza kidogo, akasema, "Njoo Jumapili." Niombeeni dua.

Na wewe msomaji: kama kuna shangazi au dada yako aliyenyimwa fungu lake, mpigie leo. Mahindi bado yako shambani, mavuno hayajafika. Tusije tukavuna kwenye haki ya mtu halafu tukatoa zaka yake, tukidhani tumejitakasa.

Allah awarehemu mama zetu na bibi zetu wakulima, ayapanue makaburi yao, na atupe ujasiri wa kutoa haki tukiwa bado hai. Aamin.

Tukutane kesho, inshaallah. Mtumie na ndugu yako.