Wema Usio na Pupa

Anayefuga matumbawe nyumbani hujitwika kazi za bahari nzima. Baharini hakuna anayekumbuka kuongeza kalsiamu, wala anayeamka usiku kupima joto. Maji ni mengi mno hata mahitaji ya kiumbe mmoja hayaonekani. Ndani ya tangi la kioo la lita 200, kila kinacholiwa hupungua na kila kinachotupwa hubaki.

Tumbawe hujenga mfupa wake kwa kuchota majini kalsiamu na bikabonati, likazigeuza kuwa jiwe. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, akiba isiyokwisha upesi. Inayowahi kwisha ni bikabonati, ambayo wafugaji huipima kwa digrii za dKH. Bahari ina kama digrii 7. Digrii moja ikitumika, akiba hiyo imepoteza sehemu ya saba, ilhali kalsiamu imeshuka miligramu 7 tu, yaani sehemu moja ya 60.

Hapo ndipo tabia ya mfugaji hupimwa. Jioni anapima, anakuta digrii 6, moyo unamruka. Dawa anayo kabatini, na kwa dakika chache anaweza kuifikisha 9. Kipimo kitapendeza, tumbawe litaumia: ncha zitababuka, nyama itabanduka mfupani. Ajabu ni kwamba matumbawe mengi huishi vizuri kwenye 7, na vizuri vilevile kwenye 9. Kinachoyadhuru ni kurushwa ghafla kutoka huku kwenda kule. Ndiyo maana wazoefu hupandisha digrii moja tu kwa siku, au chini ya hapo.

Wema wa pupa tunao hata kwa watu. Mjomba hupotea mwaka mzima, kisha huja usiku mmoja na mabegi ya zawadi na mawaidha ya miezi kumi na miwili. Zawadi ni za kweli, na mapenzi pia. Ila mtoto alihitaji kusikia sauti yake kila wiki.

Tangi hufundisha pia kuuliza kabla ya kutoa. Maji yanapopungua kwa mvuke, wengi hukimbilia kuongeza maji ya chumvi, maana hiyo ni bahari. Lakini chumvi haipai na mvuke, imebaki yote. Kilichoondoka ni maji matupu, na hayo ndiyo ya kurudisha. Hata usafi una mpaka wake. Naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na uchafu, zikizidi, mwani hutawala. Zikifutwa hadi sifuri, matumbawe hudhoofika kwa njaa.

Pwani yetu inaijua chokaa. Mafundi wa Lamu na Unguja waliipata kwa kuchoma matumbawe: moto hufukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe, na kinachobaki huzimwa kwa maji. Wafugaji wa Ulaya nao hutumia maji ya chokaa kulisha matumbawe yao. Ndani ya tangi chokaa hukutana tena na hewa ya ukaa iliyoyeyuka, na mali ya kujengea mfupa hurudi. Ila chokaa hiyo ni kali. Ikimiminwa kwa mkupuo huua. Kwa hiyo hudondoshwa tone baada ya tone, aghalabu usiku, wakati hewa ya ukaa imeongezeka majini kwa kuwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya matumbawe haupati nuru ya kuitumia.

Kazi ya namna hii haina sifa. Hakuna anayepongezwa kwa kipimo ambacho hakikusogea. Tunawashangilia waokoaji, na waliozuia hatari isitokee hatuwaoni, kwa sababu matunda ya kazi yao yanafanana kabisa na siku ya kawaida.

Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda, na miamba mingi ya matumbawe kutoka Kenya hadi Shelisheli ikapauka na kufa. Joto likizidi kilele chake cha kawaida kwa digrii moja hivi, likakaa wiki kadhaa, linatosha kupausha. Aliyezoea kulinda vipimo vya tangi lake hawezi kuambiwa kwamba digrii moja ni kitu kidogo. Anajua ni kazi kiasi gani kuizuia, na kwamba bahari ilikuwa ikitufanyia kazi hiyo bila ujira.