Watoto wanasoma vipimo, sisi tunapunja

TUKIKAA barazani baada ya sala ya Alasiri, iwe Mbagala, Tandika au Manzese, mazungumzo juu ya watoto hayachelewi kuanza. Mtaala umebadilishwa tena. Maadili yameporomoka. Shule hazifundishi. Ndugu msomaji, leo naomba tuyaweke kando malalamiko hayo tujiulize: yale anayofundishwa mtoto, tunataka ayajibie mtihani tu, au tunataka ayaishi?

Mwanangu yuko darasa la nne katika shule moja ya Serikali wilayani Temeke. Siku moja alirudi na kazi ya Hisabati, kupima ujazo wa vyombo vya nyumbani. Akapima ndoo, jagi na sufuria kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kisha akachukua sado ya genge letu, ile tunayopimia viazi na nyanya. Sado ni kopo la rangi la lita nne. Hii ilijaa kwa chupa saba. Akaniambia, "Baba, hii ni lita tatu na nusu."

Nilikuwa najua. Kitako kilikuwa kimebonyezwa ndani tangu nilipoinunua, nami nikanyamaza. Tena hesabu yake ni nyepesi: kila ukiuza sado nane kama hiyo, umebakiwa na sado moja kamili ambayo watu wameshailipia.

Sasa tazama. Katika Hisabati mtoto huyu anajifunza kwamba nusu lita mara nane ni lita nne. Katika Historia ya Tanzania na Maadili anafundishwa uaminifu. Madrasa amehifadhi Suratul Mutaffifin, sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Walimu wote hao wanasomesha jambo moja. Nyumbani nami nasomesha, na langu linafuta ya wote.

Wapo watakaosema kila genge linafanya hivyo, na asiyefanya atafunga. Hoja hii ina uzito kwa anayelisha familia kwa mtaji wa kuokoteza. Lakini hakuna aliyekatazwa kuuza lita tatu na nusu. Ziite lita tatu na nusu, taja bei yake, mteja akubali au apite. Dhulma ipo pale unapoziita sado.

Nchi yetu imehangaika sana na suala hili. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka masomo yafungamane na maisha ya mwanafunzi. Mitaala imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, na huu wa sasa ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, maadili yakitajwa hadi katika jina la somo. Ni jambo jema. Lakini kuongeza somo hakutoshi ikiwa mtoto akifika nyumbani anajifunza kuwa ya shule ni ya shule na ya sokoni ni ya sokoni. Mtoto wa namna hiyo atafaulu masomo yote, na kesho tukimpa ofisi tutashangaa anavyotupunja.

Kitako cha sado nimekigonga kwa nyundo, kimerudi. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu ni haki za watu zilizokwishapita. Majirani ninaowakumbuka nimewaeleza na kuwafidia, na mmoja hajanisalimia tangu siku hiyo. Nisiowajua, wanazuoni wanatuelekeza kutoa sadaka kwa niaba yao, na kiasi chake sikijui.

Nilimwomba mwanangu anisaidie kukadiria. Alichukua daftari la Hisabati, akaniuliza: "Baba, kwa siku tulikuwa tunauza sado ngapi, na kwa miaka mingapi?"

Mzazi mwenzangu, kabla hatujamlaumu mwalimu, tukapime sado zetu. Wallahu a'alam.